Pangaboi la Chumba cha Meno

Kinachoruka kutoka mdomoni mwa mgonjwa kinakwenda wapi?

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na ninalitanguliza kwa sababu nyinyi vijana mnaoingia katika kazi ya meno leo mmelikuta limekwisha kujibiwa. Mna pampu kali za kunyonya, mna barakoa za kuvaa mara moja na kutupa, mna ngao za plastiki za kukinga uso mzima. Sisi tulikuwa na dirisha, pangaboi na Mwenyezi Mungu. Na mimi, juu ya hayo, nilikuwa na kichwa kisichojua kuliacha jambo likapita. Mama yangu alikuwa akisema kwamba Nyamizi akipewa embe huuliza kwanza kokwa litatupwa wapi.

Niliripoti Bagamoyo miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Cheti changu cha msaidizi wa meno kilikuwa ndani ya bahasha ambayo niliifungua kila mara njiani kuhakikisha kwamba jina langu bado limo. Nimezaliwa upande wa Tabora, na pwani niliijua kwa miaka ya chuo tu, Dar es Salaam. Njia nzima nilikuwa nikijizoeza salamu, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa kwamba watu wa Bagamoyo hukupima kwa salamu kabla hawajakusikiliza. Nikimkuta mkubwa mmoja nitasema shikamoo, hilo sawa. Lakini wakiwa wengi, na mmoja wao ni mdogo kwangu? Nilifika hospitali nikiwa sijaamua, na matokeo yake nilimwamkia mkata majani ambaye nadhani alikuwa mdogo wangu. Aliitikia "marahaba" bila aibu hata kidogo, na tangu hapo kila asubuhi alinisubiri getini nimwamkie.

Chumba cha meno kilikuwa mwisho wa jengo la wagonjwa wa nje. Kwa kusema kweli kilikuwa nusu ya chumba. Ukuta wa mbao, ambao haukufika darini, ulikitenga na upande wa pili, ambako kina mama walikaa kwenye mabenchi wakingoja watoto wao wachanga wapimwe uzito. Juu, katikati, lilizunguka pangaboi moja, lile feni kubwa la darini, likihudumia pande zote mbili. Chini yake kilikuwepo kiti cha mgonjwa, na kando ya kiti alisimama mkubwa wangu.

Bwana Mganga wa Meno, ndivyo tulivyomwita, kwa cheo chake, mbele yake na hata nyuma yake. Alikuwa mtu mnene kidogo, nadhifu, mwenye miwani ya fremu nyeusi na mkono mwepesi kuliko mikono yote niliyopata kuiona kazini, kabla yake na baada yake.

"Umesoma?" aliniuliza.

"Nimesoma, Bwana Mganga."

"Umekanyaga?"

Sikuelewa. Akanionyesha kwa kidevu mashine iliyosimama pembeni.

"Nimekanyaga chuoni. Kidogo."

"Hapa utakanyaga sana. Jino la Bagamoyo limekula halua tangu enzi za Sultani."

Niieleze mashine ile, kwani wengi wenu hamkuikuta. Chini ilikuwa na kanyagio la chuma na gurudumu. Kutoka kwenye gurudumu kamba ilipanda juu ya mkono wa chuma mpaka kwenye keekee ndogo ya kutobolea jino. Msaidizi anakanyaga, mganga anatoboa. Ilifanana na cherehani, na kama ilivyo kwa cherehani, mguu ukisitasita kazi inaharibika. Ilikwenda polepole, na mgonjwa aliisikia mpaka kisogoni. Lakini uchafu wake ulikuwa mzito: unga mweupe uliodondoka pale pale kwenye ulimi na kidevu. Uliufuta kwa pamba yenye maji, ukaisha. Wakati ule sikujua kwamba hiyo ilikuwa fadhila.

Mtu wa tatu wa chumba kile alikuwa Bi. Mwanahawa, mhudumu, mama mtu mzima wa mji mkongwe. Alichemsha vyombo, alimwaga mabakuli ya kutemea, na kila baada ya jino lililooza sana kung'olewa alileta chetezo chake kutoka barazani na kufukiza ubani, harufu ipungue. Bwana Mganga alimwacha. Alisema wagonjwa huogopa dawa kuliko wanavyoogopa ubani.

Siku hiyo hiyo ya kwanza nilikutana na Mzee Kondo. Alikuwa mkulima wa Fukayosi na mwenyekiti wa kamati ya hospitali, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya shamba. Aliingia kumsalimu Bwana Mganga, akaniona.

"Shikamoo, mzee," nikawahi.

"Marahaba, binti. Watokea wapi?"

"Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo, mzee."

Akarudi nyuma, akashika kiuno. "Alaa! Mpagazi wangu! Mbona umekuja mikono mitupu? Pembe zangu za ndovu umezitua wapi? Jamani, mzigo wangu umeliwa njiani!"

Chumba kizima kilicheka, hata mgonjwa aliyekuwa kitini na pamba mdomoni. Mimi nilisikia masikio yakiwaka. Nikatazama sakafu, nikasema, "Samahani, mzee."

Kicheko kilikatika. Mzee Kondo alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyerusha mpira akaona umempiga mwenzake usoni. Akaniaga kwa upole, akaondoka.

Bi. Mwanahawa alinivuta pembeni. "We mwanangu, ule ni utani! Wewe Mnyamwezi, yeye Mkwere, watani wa jadi tangu misafara ya bara. Mtu akikutania haombwi radhi. Anajibiwa. Tena pale pale, maana utani ukilala huchacha."

"Nimjibu nini?"

"Chochote! Mwambie pembe kazitafuna mwenyewe, ndiyo maana meno yamekwisha. Mtani hana mwiko. Siku mtu amekufa, nani anayelizuia jeneza mlangoni mpaka apewe chochote? Mtani. Neno ambalo mtoto wa kumzaa hathubutu kumwambia babaye, nani hulisema? Mtani. Wewe umepewa ufunguo, unauliza mlango uko wapi."

Jibu zuri lilinijia wiki iliyofuata, nikiwa nafua nguo. Hivyo ndivyo ilivyoendelea kwa miezi. Kila Mzee Kondo alipokuja kwenye kikao cha kamati alinitupia neno, nami kila mara niligeuza maneno kichwani, nikipima kama hili limezidi, kama lile ni la kumwambia mtu wa rika la baba, na nilipokuwa tayari yeye alishafika Fukayosi.

Kisha mashine mpya ikaja. Kamati ilikuwa imeiomba kwa miaka, na Mzee Kondo ndiye aliyezunguka maofisini kuifuatilia. Hii haikutaka mguu. Kompresa iliyowekwa nje ilisukuma hewa ndani ya bomba, na hewa hiyo ilizungusha keekee kwa kasi ambayo jicho halikuiona tena ikizunguka. Ililia kama nyenje. Kwa sababu ya kasi hiyo jino lingechemka mpaka mshipa wake ukafa, kwa hiyo ilirusha maji yenyewe, manyunyu membamba ya kupooza. Mgonjwa aliyezoea kushikiliwa mabega sasa alifumbua macho na kuuliza, "Kwani mmekwisha maliza?" Bwana Mganga alitabasamu siku hizo kama bwana harusi.

Mimi nilisimama upande wa pili wa kiti, nikishika bomba la kunyonyea mate, ambalo lilinyonya kama mtoto aliyeshiba. Kutoka pale niliyaona yale maji. Hayakuanguka. Yalitoka mdomoni yamekuwa ukungu, yakichanganyika na mate na unga wa jino na wakati mwingine damu, yakaning'inia kwenye mwanga wa taa, halafu yakatoweka. Na kila alipomaliza mgonjwa, Bwana Mganga alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. Vioo vilikuwa na vitone. Vilikuwa vingi, vidogo kama mayai ya sisimizi.

Nilianza kuviwaza vile vitone. Vilikuwa kwenye miwani kwa sababu miwani ilikuwa njiani. Je, vile ambavyo havikukutana na miwani? Mimi sikuwa na miwani. Bi. Mwanahawa hakuwa nayo. Chuoni tulifundishwa kwamba vijidudu vya kifua kikuu hukaa katika makohozi, na kwamba tone dogo likikauka hewani kijidudu huweza kubaki kikielea. Mwalimu alilisema hilo kwa haraka na kuendelea na mizizi ya magego. Hakuna aliyetuambia ingekuwaje mtu akibuni chombo cha kugeuza mate kuwa moshi.

Nilijiambia ni wasiwasi wangu tu. Nilikuwa na sababu ya kujiambia hivyo, maana kwa wakati ule nilikuwa nikihofia pia kwamba kompresa itapasuka, kwamba nimemwandikia mgonjwa dawa ya mwenzake, na kwamba mkata majani amegundua umri wangu. Mtu mwenye hofu nyingi hana njia ya kujua ipi ni ya kweli.

Ubani ndio ulionitoa gizani. Siku moja Bi. Mwanahawa aliwahi kufukiza kabla pangaboi halijazimwa, akakitua chetezo kwenye kibao cha kiti. Moshi ulipanda wima kutoka pale pale ambapo kichwa cha mgonjwa hukaa. Ulipofika juu, pangaboi likaukamata, likausambaza chini ya dari, na moshi ukatambaa, ukavuka juu ya ukuta wa mbao, ukateremka upande wa pili. Nikasikia mama mmoja akisema kule, "Leo watu wa meno wananukia!" Kisha mtoto akapiga chafya, na mwingine.

Nilisimama nikiwa nimeshika bakuli.

"Bi. Mwanahawa, kesho fukiza tena hapo hapo. Tafadhali."

"Nimfukizie nani? Kiti kina pepo?"

"Hakina pepo. Kina upepo."

Tulifukiza tena, na tena, dirisha likiwa wazi, dirisha likiwa limefungwa. Pangaboi likizunguka, moshi ulikwenda kwa watoto. Likizimwa na dirisha likiwa wazi, ulitoka nje taratibu upande wa uwanja. Nilikuwa nimepata jibu, na usingizi haukurudi. Sasa nililazimika kumwambia mtu.

Nilimwendea Bwana Mganga baada ya kuitunga sentensi mara nyingi. "Bwana Mganga, naomba tuwe tunazima pangaboi wakati wa mashine mpya."

"Kwa joto hili? Mgonjwa atazimia kabla sijamgusa."

"Yale manyunyu yanakwenda upande wa kina mama. Nimeuona moshi."

"Binti Nyamizi," alisema, si kwa ukali, "mimi nimevuta unga wa meno tangu wewe hujaota meno ya utotoni. Kifua changu hiki hapa, kigonge."

"Huo ulikuwa unga, Bwana Mganga. Haya ni mate."

Akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. "Sikiliza. Mashine hii tumeiomba mpaka tukachoka. Nikipeleka maneno juu kwamba inaeneza maradhi, wataichukua, na hawataleta nyingine. Nitarudi kuwashikilia watu mabega. Ndiyo unachotaka?"

Sikutaka hivyo. Huo ndio ulikuwa ugumu wake: hakuwa mtu mbaya wa kumshinda, alikuwa mtu mwema mwenye hesabu nyingine.

Basi nikafanya madogo niliyoweza bila ruhusa ya mtu. Nilimsukutulisha kila mgonjwa maji ya dawa kabla ya kazi, kwa sababu mdomo uliosafishwa hurusha uchafu mchache. Nilipoipata, nilitandaza karatasi ya mpira mwembamba yenye tundu, ile inayoacha jino moja tu lichungulie na mate yabaki nyuma yake. Ilikuwa imekaa stoo siku nyingi na ilichanika ukiitazama vibaya. Na nilijishonea barakoa ya shashi yenye matabaka. Hapo ndipo nilipoujua mji. Bagamoyo ya siku zile, barakoa lilikuwa vazi la usoni la mabibi wa Kiarabu wa zamani, na bibi mmoja kikongwe alipofumbua macho kitini akaniona, alisema, "Hee! Mnyamwezi umeolewa Maskati? Mahari ulikula peke yako?" Nilitafuta jibu. Lilikuja alasiri.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilihamishiwa Pangani, chini ya Mganga wa Meno aliyependa madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya karatasi zake, halafu Tanga, chini ya Bibi Mganga aliyenipa uhuru wa kupanga chumba nitakavyo. Kila kituo kitu cha kwanza nilichotazama kilikuwa dari. Wenzangu wapya walinicheka kwamba nasalimia mapangaboi kabla ya watu. Sasa nimestaafu, na vijana wanaokuja kunitembelea huniuliza nilikuwa na ujasiri gani wa kubishana na wakubwa. Sikuwa nao, na sijaupata hata leo. Bado narudi mlangoni kutazama kama nimefunga. Nilichojifunza ni kwamba wasiwasi ni kama mbwa wa nyumbani: hubweka ovyo, lakini usimfukuze, muulize ameona nini. Mimi nilimuuliza nikiwa Bagamoyo, masika ya mwaka ule, na nilichofanya ndicho ninachotaka kuwaeleza kabla sijaweka kalamu chini.

Masika hayo Mzee Kondo alirudi hospitali amekonda. Kanzu ilimning'inia. Alikuwa akikohoa ndani ya leso, kisha akiikunja haraka kama mtu afichaye pesa. Watu walisema ni kikohozi cha mvua. Pwani, kifua ni neno la kunong'onezwa, na mwenyekiti wa kamati hawezi kupanga foleni ya kupima makohozi mbele ya watu aliowahutubia. "Kila mtu anakiona," Bi. Mwanahawa aliniambia akifuta sinia, "na hakuna anayekisema. Wanawe wanamwambia ni vumbi la mahindi."

Mzee Kondo alikuwa na tundu kwenye jino la mbele. Na wageni kutoka wizarani walikuwa wanakuja kuiona mashine ikifanya kazi.

"Nani mwingine atakayekaa kitini?" Bwana Mganga alisema kwa furaha. "Yeye ndiye aliyeipigania. Ni heshima yake."

"Bwana Mganga, Mzee anakohoa."

"Na mimi nakohoa. Nani hakohoi masika haya?"

Siku waliyoichagua ilikuwa siku ya kupima watoto. Nilijua mabenchi upande wa pili yatakuwa yamejaa.

Niliyapima yote kichwani. Labda kilikuwa kikohozi cha mvua kweli, nami ningemwaibisha mzee mbele ya wageni kwa sababu ya moshi wa ubani. Labda ningemwendea nyumbani kwa faragha. Lakini angekana, na ningekuwa binti mgeni aliyemfuata mzee wa watu kwake kumwambia ana kifua. Labda ningeugua siku hiyo. Hilo lilinivutia sana, mpaka nikaanza kusikia kichwa kikiuma. Kisha nikaona kitu kilichonitisha kuliko vyote. Kosa la kusema lingeitwa kwa jina langu mpaka nihame mji. Kosa la kunyamaza lisingekuwa na jina la mtu. Mtoto angeanza kukohoa baadaye, kijijini kwao Zinga au Kaole, na hakuna ambaye angeukumbuka ukuta wa mbao.

Wageni walifika, wakaketi ukutani. Kompresa ilinguruma nje, pangaboi likazunguka kwa kasi yake yote kwa heshima yao. Bwana Mganga aliinua keekee mpya, akaiwasha hewani ili waione ikirusha maji, na wageni wakasema ah! Upande wa pili mtoto alikuwa analia kwenye mizani.

Mzee Kondo akaingia, amevaa koti juu ya kanzu. Aliwasalimu wageni, akakohoa ndani ya leso, akaniona na barakoa yangu.

"Mpagazi wangu!" akasema, sauti ikiwa imebaki nusu ya ile ya zamani. "Leo umejifunga mdomo kabisa? Waogopa nitakudai pembe zangu mbele ya serikali?"

Wote walicheka. Nilimwona Bi. Mwanahawa mlangoni akifumba macho, akingoja ile samahani yangu. Nami nilihisi ikipanda kooni, iko tayari, imezoea njia.

"Pembe zako ziko nje barazani, Mzee Kondo," nikasikia sauti yangu ikisema. "Njoo uzipokee mwenyewe upesi, maana mwenye mali umekonda hivyo, kesho nitaambiwa nimezirithi."

Kicheko kilipasuka. Mzee Kondo alifumbua macho makubwa. Sikumngoja, kwa sababu nilijua nikisimama nitaanza kuwaza.

"Umenikondea, mtani. Mimi ndiye nitakayelizuia jeneza lako, na Wakwere ni wabahili, hawatanipa hata kanga. Sikubali hasara hiyo. Kikohozi hicho sikipandishi kwenye mashine hii, kirushwe mpaka kwa watoto wanaopimwa pale nyuma ya mbao. Jino lako tutalitoboa nje, penye upepo, kwa mashine ya kukanyaga. Likiisha, nitakupeleka mwenyewe maabara ukateme makohozi, na ukiona aibu kutembea, nitakubeba mgongoni mchana kweupe. Mpagazi hachagui mzigo."

Hakuna aliyecheka tena. Mgeni mmoja alitazama viatu vyake.

"Nyamizi!" alisema Bwana Mganga.

Mzee Kondo aliinua mkono kumzuia. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkunja, kirefu, mpaka akashika mgongo wa kiti. Kilipotulia aliitazama leso yake, na safari hii hakuikunja haraka.

"Mwache," alisema. "Tangu siku ya kwanza namngoja mtu huyu anijibu. Nyumbani kwangu wananiambia vumbi la mahindi. Watoto wangu wa kuwazaa." Akapumua. "Haya, mpagazi. Beba."

Nilikwenda ukutani, nikazima swichi. Pangaboi lilizunguka, likalegea, likaanza kuonyesha mapanga yake moja moja, likasimama. Upande wa pili mtu alisema, "Vipi, umeme umekwenda?"

Bwana Mganga alikuwa amesimama na keekee mkononi. Aliirudisha mahali pake. Akavua miwani aifute, kama kawaida yake, lakini leso haikufika kwenye vioo. Aliishikilia miwani kwenye mwanga wa dirisha. Yale manyunyu aliyowarushia wageni yalikuwa yameacha vitone, ingawa mdomo wa mtu ulikuwa bado haujafunguliwa. Alitazama vitone, akatazama pangaboi, akatazama nafasi kati ya ukuta wa mbao na dari. Sijui alihesabu nini. Najua alizunguka kiti akaenda pembeni, kwenye mashine ya zamani, akainama na kushika mguu wake wa chuma.

"Shika huko," aliniambia.

Tuliibeba mpaka barazani. Bi. Mwanahawa alileta kiti cha mbao na mto. Nililowesha kidole nikaupima upepo. Ulitoka baharini, ukapita kwetu, ukaenda kwenye uwanja mtupu. Tukamkalisha Mzee Kondo upepo ukiwa nyuma yetu na kikohozi chake kikielekea nje. Wageni walisimama mlangoni.

"Unayo nyingine?" Bwana Mganga aliuliza, akionyesha barakoa yangu.

Nilikuwa nayo mfukoni. Mtu wa wasiwasi hakosi ya akiba. Akaifunga, vikamba vikagombana na miwani yake, na Mzee Kondo akasema, "Sasa wote wawili mmeolewa Maskati," halafu akafungua mdomo.

Bwana Mganga akaweka keekee kwenye jino.

"Kanyaga," alisema.

Nikakanyaga.